Muulize Anti Maua: Kiwanja kinashuka, mfuko unabana, na mtu anataka utulivu

Wapendwa, masika hiyo inakuja na simu yangu imejaa meseji za watu wenye viwanja vya mteremko, wengine wametuma picha za nyufa, wengine picha za bustani walizoziona mtandaoni wanauliza Anti hii nayo kwetu inawezekana. Nimechagua hizi chache maana zinashabihiana, anaweza akajibiwa mmoja wakafaidika kumi. Ambao sijawafikia msininunie.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi na mume wangu tumejenga Goba, kiwanja mita 20 kwa 30, nyumba iko juu upande wa barabara alafu nyuma panashuka mpaka ukuta wa jirani wa chini. Fundi alipokata sehemu ya kusimamisha nyumba udongo wote aliusukumia huko nyuma, saa hizi ni kifusi na magugu tu. Nafanya kazi Posta, natoka saa kumi na moja ila kwa foleni ile nafika nyumbani saa mbili usiku kichwa kinauma, nataka sehemu ya kukaa kimya nisikie hata chura. Nimeona bustani za kisasa za levo levo, zege la kijivu, mimea michache, taa za chini chini, nimezipenda kufa. Fundi anasema tupige ukuta mmoja mrefu kule chini tujaze kifusi pawe tambarare, na mume wangu anamuunga mkono maana anataka majani watoto wacheze mpira. Mimi moyo unakataa ila sina hoja. – Mama Wawili, Goba

JIBU: Marahaba mwanangu. Hoja unayo, ngoja nikutafutie maneno yake.

Kwanza mpime. Msiniambie "panashuka kidogo", ukisimama juu ukaangalia chini macho yanadanganya. Tafuteni ule mpira mweupe unaoonyesha maji, wanaotumia mafundi kuhamisha leveli, mita 20 unatosha. Ujazeni maji taratibu mpaka ndani pasiwe na povu hata moja, povu likibaki kila kitu kinakuwa uongo, mpige piga kwa kidole mpaka lipande litoke. Mmoja ashike ncha ya juu kwenye kibaraza cha nyuma, mwingine ashuke na ncha ya pili mpaka kwa jirani aiegemeze kwenye ubao mrefu uliosimama wima. Maji yatacheza cheza alafu yatatulia, na yakitulia pande zote mbili ni usawa mmoja hata kama mko mbali hamuonani. Mwenye ncha ya juu ahakikishe maji yamesimama usawa wa sakafu, wa chini apige alama kwenye ubao, apime toka hapo mpaka ardhini. Hiyo ndo namba yenu. Kwa picha uliyonitumia mi nakisia mita mbili na nusu hivi, tufanye 2.4 ili hesabu iwe nyepesi.

Sasa huo ukuta mmoja wa fundi. Udongo ulioloa vizuri, mita moja ya ujazo inakaribia tani mbili, na haukai kimya, unasukuma. Na msukumo hauongezeki sawasawa na urefu wa ukuta: ukuta ukiwa mrefu mara mbili unasukumwa mara nne, ukiwa mrefu mara tatu unasukumwa mara tisa. Kwa hiyo ukuta wa mita 2.4 unabeba msukumo mara tisa ya ule wa ukuta wa sentimita 80. Kata mteremko huo huo kwa kuta tatu za sentimita 80 na kila moja inabeba mzigo mdogo inaouweza, ili mradi usizibananishe. Toka ukuta mmoja hadi unaofuata acha angalau mara mbili ya urefu wa ule wa chini, yaani mita 1.6 au zaidi, la sivyo ukuta wa juu unamkalia wa chini mgongoni na umerudi kule kule kwenye ukuta mmoja mrefu. Wewe nyuma ya nyumba una kama mita 11, nafasi ipo tena ya kutosha.

Mwambie mume wako na hili. Ukuta mrefu ukianguka hauangukii kwenu, unaangukia kwa jirani.

Najua ninachosema. Mimi nakaa Kimara, na masika ya 2018 saa tisa usiku nilisikia kitu kama lori linamwaga kokoto, nikatoka na tochi nikakuta ukuta wangu umelala kwenye migomba ya jirani. Ulikuwa ukuta mzuri, una plasta, una rangi, kila mgeni alikuwa anausifia. Haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Fundi aliniambia matundu yataharibu sura na mimi nikakubali, kwa hiyo lawama simpi yeye peke yake. Migomba nililipa, na yule mama alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Kwa hiyo kuta zenu tatu zijengwe hivi. Msingi ushuke mpaka kwenye ardhi ya asili, sio kwenye kile kifusi alichosukuma fundi, maana udongo wa kumwaga unazama miaka na miaka, ukijenga juu yake ukuta utapasuka hata bila mvua. Nyuma ya ukuta jazeni kokoto upana wa sentimita 30 kuanzia chini mpaka karibu na juu, na kati ya kokoto na udongo pitisheni kile kitambaa kinene wanachotandika wajenzi wa barabara, jiotekstaili, ili tope lisije likaziba. Mabomba ya inchi mbili yatoboe ukuta karibu na ardhi ya levo ya chini yake, kila baada ya mita moja na nusu, yameinama kidogo kwenda nje. Udongo unarudishwa kwa tabaka za sentimita 15 au 20, unashindiliwa ndo unaongeza. Saidia fundi watakuambia "tunamwaga yote mvua itashindilia yenyewe", wakatalie. Na kama kuna ukuta wowote utazidi mita moja, hapo mtafute injinia, mimi ni muuza maua.

Alafu maji ya bati. Watu wanasahau kabisa hili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo Dar masika mvua kubwa ya siku moja inaifikisha, linakumwagia lita 5,000 nyuma ya nyumba. Hizo lita ndo zinabomoa kuta za watu. Wekeni gata, maji yaende tenki, na tenki likijaa yale ya ziada yateremke kwa bomba lililofungwa mpaka kwenye mtaro wa mtaa, msimwelekezee jirani. Na kila levo isiwe tambarare kabisa, iiname sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea kwenye kamfereji ka kokoto pembeni. Jicho halitaona, maji yataona.

Haya, tumemaliza maji, sasa ndo tuongelee uzuri. Nasema mara zote, bustani ya levo uamue maji yanakwenda wapi ndipo uamue asumini ikae wapi, wengi wanaanza na asumini.

Levo ya juu iwe karibu usawa wa sebule, ishuke sentimita 15 tu ili maji yasiingie ndani, hapo meza na viti, hapo chai ya Jumapili. Levo ya chini kabisa, ile kubwa, mpe baba watoto na majani yake. Sio kwa sababu nampendelea, ni kwa sababu mpira ukichezewa juu utashinda unadondoka kwa jirani, ukichezewa chini hauna pa kudondokea na wewe ukiwa juu unawaona wote. Pandeni ukoka, unavumilia miguu. Na kila ukingo wa juu wa ukuta pawe na mimea mizito au reli, watoto hawajui mwisho wa sakafu.

Ya katikati ni yako. Wewe unafika saa mbili watoto wameshaoga wanasinzia, hakuna wa kukugombania. Na hapa nakuomba usinunue viti vya bei mbaya vya mtandaoni. Huo ukuta unaoshikilia levo ya juu, mbele yake fundi akujengee baraza, kimo sentimita 45, upana 40 au 45, mgongo wako unaegemea ukutani, jiwe limekunywa jua mchana kutwa jioni lina kajoto kazuri. Sisi watu wa pwani kukaa kwenye ngazi za mawe tukaangalia maji hatukuanza leo. Kule Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, limejengwa juu ya jabali linaloitazama bahari, kuna uwanja wenye ngazi za kukalia na birika la kuogea la pembe nane. Mwenye kusema bustani ya levo ni mambo ya Ulaya apande boti akaangalie.

Ngazi za kutoka levo moja kwenda nyingine zisiwe za kukimbilia. Za ndani ya nyumba zinapanda sentimita 17 hadi 18, za bustani zifanyeni ziwe fupi na pana: kila kuta yenu ya sentimita 80 iwe na vidato sita vya sentimita 13 na kitu, na pa kukanyagia sentimita 36. Ngazi ya namna hiyo inakulazimisha upunguze mwendo bila kujua, na huo utulivu unaoutafuta nusu yake uko miguuni. Vidato vyote viwe sawa sawa, kimoja kikizidi sentimita mbili ndo hicho kitamvunja bibi mguu.

Zege la kijivu zuri, ila lisiwe kila mahali. Saa saba mchana Januari zege tupu la Dar unakaanga yai. Levo yako iwekeeni kivuli, hata kichanja cha mbao mpandishe mmea, na chini changanyeni kokoto ndogo na vipande vya zege vilivyoachana.

Mimea: aina tano, usizidishe. Bustani za watu wengi zinachosha macho kwa sababu kila Jumamosi mtu anapita kwenye vitalu vya barabarani anarudi na mche mmoja wa kila kitu, mwisho wa mwaka ana aina arobaini zinagombana. Mimi nauza miche nakuambia usinunue, kwa hiyo niamini. Asumini karibu na baraza, maana maua yake yanafunguka na kunukia jioni na wewe ni mtu wa usiku. Mchaichai kwenye kingo, kichaka kimoja kimoja vimepangana mstari, upepo ukipita unasikia, na chai unapata. Mshubiri kwenye kokoto penye jua. Mianzi kuficha ukuta wa jirani, ila iwe ile inayokaa fungu moja pale pale ilipopandwa, sio ile inayotembea chini ya ardhi, hiyo ya kutembea baada ya miaka mitatu inakuchungulia chumbani. Na mti mmoja tu wa kivuli. Mlangilangi unanukia hakuna mfano, lakini unakuwa mrefu, uupande levo ya chini mbali na kuta. Mkungu sikushauri, mizizi yake na kuta hawapatani.

Kuhusu kimya, nikukate maini kidogo: mimea haizuii kelele. Ukipanda michongoma mita moja upana bodaboda utazisikia vile vile. Kinachopunguza ni kitu kizito kama ukuta, na kwa bahati levo ya katikati imeshuka chini ya nyumba, kwa hiyo nyumba yenyewe inakukinga na barabara. Kilichobaki kifunike na sauti ya maji kidogo tu yanayodondoka, uzi wa maji ukubwa wa kidole. Taa ziwe za njano, chini kwenye vidato, zimulike miguu zisimulike sura. Ukikaa barazani ukawa unaiona balbu, imewekwa vibaya.

SWALI: Anti mambo. Nimesoma zamani jibu lako la kuta nikacheka, mimi hela ya ukuta sina hata ya bloku kumi. Niko Mbezi ya Kimara, nimepanga nyumba ya uani ila mwenye nyumba kaniruhusu kutumia mteremko wote wa nyuma. Nifanyeje? – Kijana wa Mteremkoni

JIBU: Poa mwanangu. Wewe una mali mbili, mikono na muda, na wahenga wetu hawakuwa na zaidi ya hizo.

Kuna kitu kinaitwa fanya juu, jina la Kiswahili kabisa na wataalamu dunia nzima wanalitamka hivyo hivyo. Umaarufu wake ulitoka Machakos, Kenya. Unachimba mtaro kukatisha mteremko, sio kushuka nao, na udongo unaoutoa unaurusha upande wa JUU wa mtaro unakuwa tuta. Juu ya tuta unapanda majani. Mvua zinapokuja zinashusha udongo unakwama kwenye tuta, msimu baada ya msimu pale nyuma ya tuta panajaa panakuwa bapa. Mteremko unajikata levo wenyewe, wewe umekaa.

Siri ni mtaro uwe usawa mmoja mwanzo mpaka mwisho, ukiinama maji yanakimbilia pale yanabomoa. Kama mpira wa leveli huna, funga miti miwili ya mita mbili ikutane juu na mmoja wa kukatisha katikati kama herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe toka juu. Isimamishe mahali bapa, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, igeuze miguu, weka alama nyingine, katikati ya alama hizo mbili ndo usawa. Alafu tembea nayo kwenye mteremko hatua kwa hatua, kila kamba ikigusa alama unapiga kigingi. Asubuhi moja unamaliza.

Kwenye tuta panda vetiva. Watu wanaidharau kwa sababu inaonekana kama nyasi tu, lakini mizizi inashuka wima mita tatu na zaidi na haitambai kwenda kwa jirani. Panda vishina kila sentimita 10 hadi 15, usiache mapengo, pengo ndo mlango wa maji. Wengine watakuambia mabingobingo, sawa kama una ng'ombe, yanakuwa marefu na yanataka kukatwa katwa, sehemu ya kupumzikia mjini yatakuziba pumzi.

Wamatengo wa Mbinga wamelima milima inayosimama kama ukuta kwa miaka zaidi ya mia kwa ngoro, yale mashimo yaliyozungushiwa matuta, bila bloku hata moja. Wewe mteremko wa Mbezi unakushinda nini. Ukipata levo mbili za kwanza weka gogo la kukalia na mrihani pembeni, nitumie picha.

SWALI: Ndugu Anti Maua, heshima yako. Mimi niko Mwanza, nimejenga mlimani kama wenzangu, na katikati ya uwanja nina jiwe kubwa kuliko daladala, limeegemeana na mengine madogo. Vijana wamenipa bei ya kulichoma moto na kulipasua niuze kokoto, alafu nipate uwanja tambarare. Mke wangu anasema liachwe. – Baba Neema

JIBU: Mkeo ana akili, mpe salamu zangu.

Baba Neema, kuna watu wanalipia mawe yaletwe kwa lori wapate robo ya hicho ulichopewa bure na Mungu. Mwanza yenyewe inajulikana kwa mawe, mgeni akifika anakimbilia jiwe la Bismarck kupiga picha, wewe unataka ya kwako uyauze ndoo kwa ndoo. Na kuna la hatari: umesema yameegemeana. Ukipasua moja au ukichimba chini yake hujui ni lipi lilikuwa limelizuia jingine, na chini yako kuna nyumba za watu. Usiguse.

Badala yake kaa siku nzima uliangalie, nasema kweli, Jumamosi chukua kiti. Angalia kivuli kinavyotembea. Asubuhi kivuli kiko upande wa magharibi, mchana ule mkali kinaanza kuhamia mashariki, kwa hiyo kiti cha jioni kiwe mashariki ya jiwe. Upande wa magharibi granaiti inapikwa mpaka jua linazama na usiku inarudisha lile joto, hapo ndo pa mkonge na mishubiri na vitu vyenye ngozi ngumu. Na mvua ikinyesha jiwe halinywi, yote inateremka mpaka kwenye kitako chake. Utaona hata sasa nyasi za pale chini ni za kijani kuliko kwingine. Pale ndo pa mimea yako laini inayopenda maji, na wala hutaimwagilia sana.

Levo usizilazimishe ziwe za mraba. Tumia mawe madogo yaliyolala peke yake, sio yale yaliyoegemeana na jiwe kubwa, jenga vikuta vya kupanga bila simenti, visizidi kimo cha paja, kila jiwe likanyage mawili ya chini yake, na ukuta mzima uegemee kidogo kuelekea mlimani. Huo hauhitaji matundu, maji yanapita kati ya mawe yenyewe. Nyuma yake jaza udongo na mbolea ya samadi iliyoiva, hata sentimita 40 zinatosha maua na mboga. Nyumba ya kisasa yenye kuta nyeupe na jiwe la namna hiyo mbele, mtu wa majarida atakuja kukuomba apige picha.

SWALI: Niaje Anti. Mimi ni msomaji wako kutoka Nairobi, naishi kwa fleti Kilimani floo ya nne, balkoni yangu ni kubwa kiasi, mita tano kwa mbili, inaangalia kaskazini. Nataka kutengeneza kabustani ka levo, nilikuwa nafikiria nijenge masanduku ya mawe nijaze mchanga wa shamba, moja ya chini, moja ya kati na moja ya juu. Itakaa poa? – Msoo wa Kilimani

JIBU: Poa sana msomaji wangu, ila hapana, usijenge! Huo mchanga wenu, sisi huku tunaita udongo, ukiloa kina cha sentimita 30 tu unafika zaidi ya kilo 500 kwa kila mita ya mraba, na sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida zinapigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita, pamoja na wewe na wageni wako na jiko la nyama. Hapo bado hujaweka mawe. Muulize mwenye nyumba au injinia balkoni yake inabeba nini kabla hujapandisha kitu.

Levo zako zifanye kwa vitu vyepesi, mbao za paleti zimepangwa kama ngazi, vyungu vya plastiki au vya faiba. Ndani changanya pamisi, yale mawe mepesi ya volkano, ninyi Kenya mmebarikiwa nayo kule upande wa Naivasha, na usumba wa makumbi ya nazi kutoka pwani, na mboji kidogo kwa ajili ya chakula. Vyungu vizito vikae karibu na ukuta wa nyumba, vyepesi ndo viende ukingoni.

Kuhusu kuangalia kaskazini, hapo una kitu cha kuchekesha: Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo, kwa hiyo jua linahama. Katikati ya mwaka linapita upande wako wa kaskazini linaingia balkoni, Desemba limeenda kusini unabaki na kivuli. Ina maana mimea isiyochagua sana kama ule mmea wa buibui na feni, yaani kangaga, na juu penye mwanga weka rozimeri na aloe. Asumini itamea ila mlivyo juu kule kama mita 1,700 na baridi yenu ya Julai itakuwa na uvivu, usiidhanie imekufa. Sahani za chini ya vyungu mwaga maji kila siku, jirani wa floo ya tatu naye ana nguo zake kwa kamba.

SWALI: Anti, kale kauzi ka maji unakopenda kusema si ndo kataleta mbu? Na dengi hii ya Dar? – Mwoga wa Mbu, Sinza

JIBU: Swali la maana, Dar tulishapata dengi 2014 na tena 2019, sio mzaha. Mbu anataka maji yaliyosimama na anahitaji kama wiki moja na siku kadhaa toka yai mpaka aruke. Maji yanayotembea hayataki. Shida ni umeme ukikatika pampu ikazima siku tatu nne, kwa hiyo birika liwe na samaki wadogo, gapi au perege wachanga, wanakula viluwiluwi vyote. Kama huwezi samaki, tengeneza birika lisilo na maji ya kuonekana: maji yanadondoka kwenye kokoto na ndoo ya pampu imejificha chini yake.

Lakini mara nyingi nikienda kwa watu nakuta mbu hawatoki kwenye birika, wanatoka kwenye vitu visivyo na habari. Sahani za vyungu, gata iliyopinda katikati, tairi la bembea. Na mianzi! Ukikata mwanzi ukaacha kikombe juu ya pingili unashika maji ya mvua vizuri tu. Kata juu kidogo tu ya pingili, na vile ulivyokwisha kata vijaze mchanga.

SWALI: Shikamoo tena, ni baba Wawili wa Goba, mke wangu alinisomea jibu lako kabla halijatoka. Nimekubali kuta tatu. Fundi kasimamisha ya kwanza Jumatatu na anataka kujaza udongo Jumamosi ili awahi mvua. Sawa?

JIBU: Marahaba baba, na nimefurahi umekubali. Jumamosi hapana. Mwagilieni ukuta asubuhi na jioni siku saba kamili, na kama mmeweka zege lenye nondo mjue linafikia nguvu yake ya hesabu siku ya 28 hivi. Tena usianzie ya juu, jengeni ya chini kabisa kwanza mpande nayo. Hiyo aliyosimamisha Jumatatu ni ya chini au ya juu? Kama ni ya juu mwambie asimame hapo hapo.

Na mawingu yakiwahi, kifusi kifunikeni turubai, chimbeni kamtaro juu yake ka kupitisha maji pembeni, msubiri Juni. Mke wako amesubiri kiti chake siku zote hizo, miezi mitatu atavumilia. Mpelekee kigoda kwanza akae hapo hapo kwenye kifusi jioni, aangalie upepo unatokea wapi, ndo mtajua baraza lielekee upande gani.